Afe Punda, Mzigo Ufike: Habari za Wanyama wa Mizigo Katika Nchi ya Narung'ombe

Wazee wa pwani wana methali isemayo, Afe punda, mzigo wa bwana ufike. Husemwa juu ya mtu mwenye haraka, asiyejali jasho la wale wamtumikiao, mradi shauri lake litimie. Twapenda katika kurasa hizi kuipima methali hiyo kwa mizani ya habari za kale za nchi yetu ya kusini, tuone kama ni kweli kwamba punda akifa mzigo hufika. Maana wakati wa jubilei watu huhesabu makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na majina ya waliotangulia. Na ni haki kufanya hivyo. Walakini mabati ya kanisa hayakuja kwa mabawa. Kila kengele, kila kitabu, kila mfuko wa chumvi uliofika bara katika siku zile uliletwa juu ya mgongo au kichwa cha kiumbe fulani. Je, ni kiumbe gani? Hilo ndilo swali letu.

Narung'ombe iko katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, katika nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Nachingwea. Mgeni alisikiapo jina hilo hudhani atakuta mazizi yaliyojaa ng'ombe. Lakini kwa miaka mingi sana ng'ombe walikuwa haba katika nchi hii ya miombo na vichaka, na farasi hawakuwako kabisa. Watoto wetu shuleni walimjua farasi kwa picha tu, kama walivyomjua ngamia. Sababu yake yajulikana na kila mzee: ni mbung'o.

Mbung'o ni inzi wa porini anyonyaye damu mchana, dume na jike pia. Apendaye kivuli cha vichaka na damu ya wanyama wa mwitu ndiye huyo. Kuuma kwake si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni vijidudu aviachavyo katika damu, visivyoonekana kwa macho. Nyati na swala huishi navyo bila kudhurika sana, lakini farasi akiviingiza mwilini hushikwa na homa, ufizi wake hupauka, manyoya husimama, tumbo na miguu huvimba, naye hukonda ingawa aendelea kula. Baada ya majuma machache au miezi michache hulala chini asiondoke tena. Nyumbu, yaani yule aliyezaliwa na punda dume na farasi jike, naye hufa. Punda hustahimili kuliko wote wawili, walakini hata yeye hana kinga kamili. Aliyegundua vijidudu hivyo ni daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, katika nchi ya Wazulu mwaka wa 1895.

FARASI WA PWANI

Farasi si mgeni kwa Waswahili. Jina lake lenyewe limetoka katika Kiarabu, nasi twajua ya kuwa lilikuja pamoja naye katika majahazi. Masultani wa Unguja waliletewa farasi kutoka Omani na nchi za Ghuba, wakawaweka katika mabanda ya mjini. Tena walitumia farasi kuwa zawadi ya wafalme. Mwaka wa 1840 jahazi la Sayyid Said lililoitwa Sultana, likiongozwa na Ahmad bin Na'aman, lilifika New York, na miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Na watu wenye cheo Unguja walipanda pia punda weupe wa Maskati, walio warefu na wenye mwendo mzuri.

Wanyama hao waliishi kwa sababu mbili. Kwanza, walikaa mjini, mbali na vichaka. Pili, kila mmoja alikuwa na mtu wake, ambaye watu wa pwani walimwita saisi. Kazi ya saisi haikuwa na sifa. Hakuna aliyeandika jina lake katika vitabu; aliyeandikwa ni mwenye farasi. Lakini farasi hakuishi kwa utajiri wa bwana wake. Aliishi kwa mkono wa saisi, asubuhi na jioni. Msomaji alishike neno hili, maana ndilo litakalotufungulia habari zote zinazofuata.

NGAMIA WALIOSHUKA MIKINDANI

Mwezi wa Machi mwaka wa 1866 Daktari David Livingstone alishuka Mikindani, akielekea bara kwa njia ya mto Ruvuma. Safari hii alikuwa na shauri jipya. Alikwisha kuona katika safari zake za kwanza jinsi mbung'o alivyoua ng'ombe na farasi, akataka kujaribu kama wako wanyama wengine wawezao kumshinda inzi huyo. Kwa hiyo alileta kutoka Bara Hindi ngamia sita, nyati watatu wa kufugwa pamoja na ndama mmoja, nyumbu wawili na punda wanne. Alifikiri ya kuwa ngamia akiweza kupita salama, biashara ya halali itaingia bara, wala haitakuwa lazima tena kwa mwanadamu kubeba pembe kichwani huku shingo yake imefungwa kongwa. Shauri lilikuwa jema. Laiti lingefaulu, huenda nchi hii ingekuwa na habari nyingine.

Aliwaweka wanyama mikononi mwa askari kumi na watatu wa Kihindi. Msafara ukapanda nchi ya Wamakonde, wakakata vichaka kwa mashoka ili ngamia wapite, kisha wakashika kando ya Ruvuma mpaka Ngomano, mahali Lujenda iingiapo katika mto mkubwa. Njiani mbung'o waliwauma wanyama. Lakini Livingstone aliona na jambo jingine lililomchoma moyo. Wale askari waliwapakia wanyama kupita kiasi, wakawapiga kwa magongo, wakawaacha na vidonda vya mgongoni bila kuvitazama. Mnyama mmoja baada ya mwingine akaanguka. Walipofika kwa Mataka, mfalme wa Wayao, mwezi wa Julai, wengi walikuwa wamekwisha kufa, naye akawarudisha askari pwani.

Hapa ndipo penye fundisho. Livingstone alikuja kuuliza swali moja: je, ngamia na nyati hawa hufa kwa mbung'o? Lakini hakuweza kupata jibu. Alipomtazama ngamia aliyekufa hakuweza kusema kama aliuawa na inzi, au na gongo, au na mzigo, au na kidonda kilichooza chini ya tandiko. Jaribio liliharibika, si kwa kukosa elimu, bali kwa kukosa kazi ndogo za kila siku: kumpumzisha mnyama, kumwosha mgongo, kumlisha kwa wakati wake. Mnyama asiyetunzwa hawezi hata kushuhudia kilichomwua.

Na punda walipokufa, je, mzigo ulifika? Ulifika uliofika, lakini kichwani mwa watu. Miongoni mwa waliosafiri naye alikuwamo kijana Myao jina lake Chuma. Huyo alikaa na Livingstone mpaka mwisho, na Livingstone alipofariki mwaka wa 1873, Chuma na Susi na wenzao ndio waliouchukua mwili wake mabegani kutoka kando ya ziwa Bangweulu hata Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Msafara ulioanza kwa ngamia sita ulimalizika juu ya mabega ya watu.

KAZI ZA KILA SIKU

Labda msomaji atauliza: hizo kazi ndogo ni zipi, hata ziwe na uzito namna hii? Twaona yafaa kuzieleza, kwa maana wengi wetu hatukupata kumfuga farasi, nasi twaweza kudhani kwamba farasi ni kama baiskeli, wampanda asubuhi na kumwegemeza ukutani jioni.

Farasi ana mwili mkubwa na tumbo dogo. Mahali chakula kifikiapo kwanza ndani yake ni padogo kwa kulinganishwa na kimo chake, wala hawezi kutapika. Porini hula kidogo kidogo, yapata saa kumi na sita kati ya mchana na usiku. Kwa hiyo anayemshindisha na njaa kutwa nzima, kisha usiku akamwagia nafaka tele katika hori, amempa sumu. Tumbo lake husokota, hugaragara, naye aweza kufa kabla ya jua kuchomoza. Farasi wa kilo 400 hutaka kilo 8 hivi za majani makavu kila siku, na majani hayo yasiwe na ukungu. Hutaka maji safi lita 20 mpaka 40, yaani debe moja hata mawili, na zaidi siku ya jua kali na kazi. Mtunzaji mwenye akili hutanguliza maji, ndipo hutoa nafaka.

Asubuhi mtunzaji huingia bandani kabla ya kufanya neno lolote jingine, atazame. Je, alikula usiku? Je, mavi yako kama kawaida? Je, amesimama kwa miguu yote minne, au apumzisha mmoja? Ndipo huondoa samadi na majani yaliyolowa, maana kwato zikisimama katika unyevu huoza. Kisha huinua miguu mmoja mmoja, akachokoa uchafu na vijiwe kwa chuma butu. Kila baada ya majuma sita au manane kwato hukatwa na kusawazishwa, kwa kuwa hukua kama kucha zetu. Baada ya hayo humsugua mwili mzima kwa burashi. Si kwa ajili ya urembo tu, bali kwa sababu mkono upitao juu ya ngozi huona uvimbe, kupe na kidonda mapema kuliko jicho.

Nalo tandiko lina sheria yake. Blanketi la chini likikunjamana hata kidogo, jasho na msuguano hufanya kidonda kwa siku moja, na kidonda hicho huchukua majuma kupona. Arudipo kazini asiachwe na jasho likimkaukia. Atembezwe polepole mpaka pumzi imtulie, afunguliwe mzigo, apanguswe mgongo. Mwenye farasi hula baada ya farasi. Hiyo ndiyo sheria ya watunzaji wa nchi zote.

Liko jambo jingine lililo ajabu. Kusini mwa Afrika uko ugonjwa mwingine mkali uuao farasi upesi, wala hauletwi na mbung'o. Wenye mashamba wa zamani waliamini kwamba huletwa na umande, kwa hiyo waliwaingiza farasi bandani kabla ya jua kuchwa, wala hawakuwatoa mpaka umande ukauke. Farasi wao wengi walipona. Mwaka wa 1944 mtaalamu wa Afrika Kusini, R. M. du Toit, alionyesha ya kuwa ugonjwa huo huenezwa na usubi, vijidudu warukao kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Basi umande haukuwa na kosa. Walakini kazi ya kufunga banda jioni ilikuwa sahihi. Mtunzaji mwaminifu aliokoa mnyama wake kabla mtaalamu hajapata kumweleza sababu.

VITA VYA NARUNG'OMBE

Mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakapita Lindi wakaenda Masasi, na huko wakajenga kijiji. Vitu vyao vilichukuliwa na wapagazi. Tangu hapo, kwa miaka arobaini, Masasi, Lukuledi, Nyangao na Ndanda, na kila misheni ya nchi hii, iliishi kwa kichwa cha mpagazi na mzigo wake wa ratili sitini hivi, ndio kilo 27. Nchi ikazoea. Ndipo vita vikaja, navyo vilileta farasi wengi kuliko waliopata kuonekana katika nchi hii tangu ianze.

Mwaka wa 1916 Waingereza waliingia nchi ya Wadachi, ndivyo wazee wetu walivyowaita Wajerumani, kutoka upande wa Kilimanjaro. Walileta vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer. Wapanda farasi hao walikimbia mpaka Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, na mwendo wao ulisifiwa sana. Lakini mvua zilikuwa zimeanza, chakula cha wanyama kilikuwa kimeachwa nyuma, na njia ilipita katikati ya mbung'o. Farasi walianguka kwa mamia katika safari hiyo peke yake. Mwaka ulipokwisha, farasi na nyumbu waliokufa katika nchi hii walihesabiwa kwa maelfu mengi. Waliletwa wengine kwa meli, nao wakafa. Wakuu wa jeshi walijua tangu mwanzo kwamba mbung'o wapo. Lakini haraka ilikuwa kubwa, na farasi waliendeshwa kana kwamba wangedumu siku thelathini tu, nao kweli wengi hawakudumu zaidi. Hii ndiyo methali yetu ikitembea kwa miguu: Afe punda, mzigo ufike.

Je, mzigo ulifika? Tutazame Narung'ombe. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza walikuwa wameshika Kilwa, na mwezi wa Julai 1917 walianza kushuka kusini. Kapteni von Liebermann alikuwa amejichimbia pamoja na askari wake penye maji ya Narung'ombe. Kila aliyezaliwa huku ajua Julai ilivyo: mvua zimekwisha zamani, nyasi zimekauka, na kisima ni mali kuliko fedha. Waingereza walikuja kwa vikosi vitatu, wakiwamo askari wa King's African Rifles, Wahindi, watu wa Afrika Kusini, na askari wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tarehe 19 Julai walipigana kutwa. Usiku Wajerumani wakaondoka, na washindi wakapata maji. Waliokufa na kujeruhiwa pande zote mbili walikuwa wengi, na baada ya siku hiyo jeshi la Waingereza lilikaa yapata miezi miwili lisiweze kuendelea mbele.

Tufanye hesabu ndogo, ambayo walimu waweza kuwapa watoto darasani. Farasi mmoja hutaka mpaka madebe mawili ya maji kwa siku. Farasi mia watataka madebe mia mbili. Katika nchi ambamo majeshi mawili huuana kwa ajili ya visima, ni nani atakayechota madebe mia mbili kwa ajili ya farasi, na kesho tena mia mbili? Hata kama mbung'o asingalikuwapo, farasi asingaliweza kukaa Narung'ombe bila watu wengi wa kumtumikia. Nao watu hao walikuwa wamekwisha kupewa kazi nyingine.

Maana wanyama walipokwisha, risasi na unga vilihitaji migongo, nayo migongo iliyobaki ilikuwa ya watu. Waingereza na Wajerumani wote waliwakamata au kuwaandika vijana kutoka kila kabila. Katika hesabu za serikali ya Waingereza wafuasi wa jeshi waliokufa walikuwa zaidi ya 40,000, na wenye kuchunguza historia huona kwamba idadi ya kweli ni kubwa kupita hiyo kwa mbali. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, na homa, na baridi, na unga usioiva. Ukitazama vizuri utaona ya kuwa ni magonjwa yale yale ya farasi wasiotunzwa: chakula kisichofaa, maji machafu, mzigo kupita kiasi, na kulala mvuani bila paa. Jeshi lililoshindwa kumlisha farasi lilishindwa vile vile kumlisha mpagazi.

Wako waliojaribu kufanya vingine. Mwaka wa 1916 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye uaskofu wake siku zile ulifika hata Masasi, alikusanya wapagazi wa Unguja, akapewa cheo cha meja, akatembea nao kwa miguu yeye mwenyewe. Aliona kwamba watu watakaobebeshwa mizigo wanahitaji mtu wa kuwatazama kila siku, kuona kama wamekula na kama miguu yao ina vidonda. Sisi twaita hiyo kazi ya saisi, na hatuoni ya kuwa neno hilo lamvunjia askofu heshima.

Vita viliendelea Mahiwa mwezi wa Oktoba 1917, karibu na Nyangao, na tarehe 25 Novemba Wajerumani wakavuka Ruvuma pale pale Ngomano, mahali ngamia wa Livingstone walipopita miaka hamsini na mmoja kabla. Wapagazi wa jeshi la Waingereza wameacha jina lao Dar es Salaam, maana mtaa wa Kariakoo umetokana na jina la Kiingereza la jeshi lao, na kambi yao ilikuwa hapo. Kila mtu aendaye sokoni Kariakoo kununua kitambaa hulitaja jina la wapagazi, ajue asijue.

FARASI WA CHUMA

Baada ya miaka thelathini watu wengine wenye haraka walifika, nao hawakuleta farasi wa nyama bali wa chuma. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza shauri kubwa la kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengi yakiwa yamekwisha kutumika vitani. Watu walisema, trekta haliumwi na mbung'o, halihitaji majani, haliugui tumbo. Bandari ilijengwa Mtwara na reli ikafikishwa Nachingwea.

Walakini trekta nalo hutaka mtunzaji. Hutaka mafuta safi, hutaka kusafishwa vumbi, hutaka fundi ajuaye kusikia mlio usio wa kawaida kama saisi asikiavyo pumzi ya farasi wake. Mafundi walikuwa wachache, vipuri vilikuwa mbali, na ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu kama tofali. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ya Kongwa ilikuwa imesimama bila kazi. Mwaka wa 1951 serikali iliacha shauri lile kubwa, na fedha iliyopotea ilikuwa yapata pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hatusemi kwamba shauri lilianguka kwa sababu ya matrekta peke yake. Mvua pia haikutosha, na hesabu zilifanywa upesi mno. Lakini twaona lile lile tuliloliona Mikindani na Kondoa: walionunua hawakufikiri ni nani atakayetunza.

MAMBO YA SIKU HIZI

Leo mambo yamebadilika. Ziko dawa za kumkinga na kumponya mnyama aliyeumwa na mbung'o. Unguja imesafishwa kabisa mbung'o tangu mwaka wa 1997, kwa ufundi wa kulea madume wengi Tanga, kuwafanya wasiweze kuzaa, na kuwaachia kwa ndege juu ya kisiwa, hata kizazi chao kikakatika. Katika Mkoa wa Lindi wameingia wafugaji na ng'ombe wao, hasa baada ya kuondolewa katika mabonde ya Usangu na Ihefu mwaka wa 2006 na 2007, hata jina la Narung'ombe halisikiki tena kuwa la ajabu. Mizigo hupanda pikipiki. Naye punda, ambaye zamani alidharauliwa, amekuwa wa kutafutwa kwa ajili ya ngozi yake inayouzwa ng'ambo, hata mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara hiyo kwa miaka kumi na mitano.

Kwa hiyo yatupasa walimu na wazazi kuwafundisha watoto, si kumpenda mnyama kwa maneno tu, bali kumtumikia kwa utaratibu. Punda mwenye afya aweza kubeba kilo hamsini, yaani mizigo ya wapagazi wawili wa zamani. Asibebeshwe tatu kwa kuwa hasemi. Maji apewe kabla hajaonyesha kiu. Kwato zitazamwe kila siku, na mgongo kabla na baada ya tandiko. Kidonda kikionekana, apumzike mpaka kipone, hata kama soko ni kesho. Mtoto akabidhiwe mnyama mmoja awe wake wa kutazama, aulizwe habari zake kila asubuhi. Na katika hesabu ya kununua mnyama, au pampu ya kisima, au mashine ya kusaga ya kijiji, kwanza iandikwe jina la mtunzaji, ndipo iandikwe bei.

Tulianza kwa methali, nasi tumeipima. Mwaka wa 1866 punda walikufa, na mzigo ukarudi kichwani mwa watu. Mwaka wa 1916 farasi walikufa, na mzigo ukarudi kichwani mwa watu, ambao nao wakafa. Haikuwa kweli kwamba punda akifa mzigo hufika. Punda akifa, mzigo humtafuta aliye mnyonge baada yake. Basi ndugu zetu, tukiona punda njiani ana kidonda mgongoni, tusiseme kwamba hilo ni shauri la punda. Tumfungue mzigo, tumwite mwenyewe, tumwonyeshe.